Sababu ya Safari: Kutazama

Ipo sheria ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu wa nchi hii anaijua: ukitaka kwenda Ulaya, uwe na sababu inayoeleweka. Unaweza kwenda kusoma. Unaweza kwenda semina, hasa ikiwa posho inatoka kwa wenye semina. Unaweza kwenda kutibiwa, kuolewa, kufuata kontena, au kumlea mjukuu aliyezaliwa huko na ambaye mama yake anadai kubeba mtoto mgongoni kumepitwa na wakati. Hata kuzamia kunaeleweka. Watu watasikitika mbele ya mama yako, kisha wakifika kwao watasema yule kijana ana akili. Kisichoeleweka hata kidogo, na ushahidi ninao wa mtaa mzima, ni mtu mzima mwenye mke, watoto na kitambi kusema anakwenda Ubelgiji kutazama baiskeli.

Sikusema naenda kununua. Wala sikusema naenda kushindana. Nilisema kutazama, kwa macho haya haya ambayo Mungu alinipa bure na ambayo mpaka leo nimeyatumia zaidi kutazama foleni ya Ubungo.

Acheni nieleze kwanza kinachotazamwa, maana kueleza nimeshazoea. Mji unaitwa Gent. Kila Novemba, kuanzia Jumanne hadi Jumapili, hufanyika pale mbio za baiskeli ziitwazo Siku Sita, ndani ya ukumbi wa 't Kuipke ulioko kwenye bustani ya Citadelpark. Mara ya kwanza zilifanyika mwaka 1922. Ukumbi uliteketea kwa moto 1962, ukajengwa upya, na kufika 1965 watu wakawa wamerudi kuzunguka. Njia yenyewe ni ya mbao, na ni fupi: mzunguko mmoja ni mita 166 na ushee, wakati viwanja vya Olimpiki ni mita 250. Kwa ufupi huo kona zimeinuliwa zaidi ya nyuzi 50, na kitu kilichoinuka nyuzi 50 mimi nakiita ukuta. Mtu anapita ukutani na baiskeli isiyo na breki, na katikati ya uwanja, huku wamezungukwa pande zote, watazamaji wamesimama na glasi mkononi wanageuza shingo.

Ugonjwa huu niliupata kwenye televisheni wakati wa Olimpiki ya Paris ya 2024. Nilikuwa nasubiri ngumi. Badala ya ngumi wakaonyesha wanaume wawili wenye mapaja ya kutisha wakiendesha polepole, mmoja akimchungulia mwenzake, hakuna anayetaka kutangulia, kwa sababu anayetangulia ndiye anayemkatia upepo aliye nyuma. Wakategeana hivyo mpaka nikadhani wamegoma. Mara mmoja akachomoka, mwingine akamfuata, na kabla sijaweka kikombe chini mambo yalikuwa yamekwisha. Mholanzi Harrie Lavreysen aliondoka Paris na dhahabu tatu. Mimi niliondoka kwenye kochi na wazo.

Mama watoto aliposikia wazo lenyewe alinyamaza kwanza, na nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba kunyamaza kwake si ridhaa.

"Hao watu wanakwenda wapi?" akauliza.

"Hawaendi popote. Wanazunguka."

"Wanazunguka mpaka wapi?"

"Mpaka walipoanzia."

"Na wewe unapanda ndege."

"Ndiyo."

"Unakesha Addis Ababa au Doha, unasubiri ndege nyingine."

"Ndiyo."

"Ukawaone wakifika walipoanzia."

Nikaona maelezo yangu yanazidi kunididimiza. Lakini hakuwa amemaliza. Septemba 2025, akanikumbusha, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika. Mabingwa walikuwepo, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Rwanda hatuhitaji viza, basi lipo, na kusimama kando ya barabara hakuna kiingilio. Mbona sikwenda?

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejua hana hoja, kwamba hiyo ni barabara na mimi napenda ukumbi. Kule Kigali mzunguko mmoja ulikuwa wa kilomita 15 hivi. Wakishakupita unakaa karibu nusu saa ndipo uwaone tena. Gent wanakupita kila baada ya sekunde kumi hivi.

"Kwa hiyo," akasema mama watoto, "unalipa zaidi ili usipate hata nafasi ya kukaa."

Nikaenda kutafuta faraja kwa watu wa fani. Kona ya kwetu yuko fundi baiskeli, kijana anayefanya kazi chini ya mwarobaini, pembeni yake beseni la maji ya kutafutia pancha na makopo mawili ya nati ambazo hajawahi kuzitenganisha. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya baiskeli ya ukumbini. Akafuta mikono kwenye suruali, akaikuza picha kwa vidole, akaniachia grisi kwenye kioo.

"Breki ziko wapi?"

"Haina breki."

"Gia?"

"Moja tu."

"Friwili?"

"Haina. Gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, hakuna kupumzisha miguu. Ukitaka kupunguza mwendo unakaza miguu, au unapandisha ukutani."

"Madigadi? Keria? Stendi?"

"Haina."

"Kengele?"

Nikatikisa kichwa. Akaniuliza bei, nikamwambia baiskeli za daraja hilo zinaweza kufika bei ya gari. Akanirudishia simu taratibu, kwa huruma.

"Mzee, wamekuibia. Hiyo hawajamaliza kuifunga."

Pembeni walikuwapo vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, na kijana wa bodaboda hawezi kusikia habari ya magurudumu asitie neno. Mmoja akauliza kama huko ukumbini pikipiki haziingii. Nikamwambia zipo. Kuna mbio ambazo kila mwendesha baiskeli anatanguliwa na pikipiki ndogo iitwayo derny, ina injini na ina pedali, na anayeiendesha mara nyingi ni mzee aliyejaa, amevaa nguo nyeusi, amekaa wima. Kujaa ni sifa ya kazi, maana kazi yenyewe ni kumkatia upepo anayemfuata. Mzee mwembamba hakingi kitu.

Vijana wakanitazama. Wakanitazama tumboni.

"Mzee," mmoja akasema, "wewe huko ajira unayo."

Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba nimepata kazi ya bodaboda Ubelgiji. Na hapo ndipo nilipoyaona mambo ya ajabu. Watu walinipongeza! Jirani ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa ukuta alinivukia kunipa mkono. Mama muuza vitumbua akasema kazi ni kazi. Mzee mmoja wa msikitini akaniombea dua ya safari na riziki. Nilipowasahihisha kwamba sina kazi yoyote, nakwenda tu kutazama, nyuso zikabadilika, na kesho yake ikaanza habari nyingine, ya kunong'ona, kwamba baba wa watu ni mgonjwa, ni figo, anatafuta namna ya kuificha familia.

Kazini ikawa hivyo hivyo. Fomu ya likizo ina mstari wa sababu, nikaandika sababu. Afisa utumishi akaniita, akafunga mlango.

"Andika matatizo ya kifamilia."

"Sina matatizo ya kifamilia."

"Ukienda huko utakuwa nayo," akasema, akanipa fomu mpya.

Sasa mtu ataniambia kwamba Watanzania nao husafiri kwenda kutazama michezo, mbona Simba na Yanga zikicheza ugenini watu wanajaza basi mpaka Lusaka, wengine wanapanda ndege mpaka Cairo. Ni kweli. Lakini hao hawaendi kutazama. Hao ni wachezaji wa kumi na mbili. Wanakwenda na ngoma, wanakwenda kumtoa jasho kipa wa watu, wakirudi wamepoteza sauti na hakuna anayewauliza lolote kwa sababu wamerudi kutoka kazini. Mimi Gent sina timu. Nikipiga kelele hakuna atakayefaidika. Nakwenda kufurahi peke yangu, na furaha ya peke yako hapa kwetu huchunguzwa.

Mama watoto akaitisha kikao. Kwetu kikao cha familia huitishwa kwa ajili ya ndoa, mirathi na ulevi, kwa hiyo nilipomkuta mjomba amekaa kwenye kochi langu, viatu amevua, nikajua kesi ni nzito. Shemeji alikuwepo. Shangazi alikuwa Tanga lakini alihudhuria kwa simu, amewekwa spika juu ya meza, kati ya chupa ya chai na sahani ya maandazi.

"Mwanangu," mjomba akaanza, "huko unakokwenda una mtu?"

Hili ndilo swali la msingi la safari yoyote ya Mswahili, na nilikuwa nimejiandaa. Nikasema Gent nina watu wengi. Namjua Patrick Sercu, aliyeshinda mbio za siku sita mara 88, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia.

"Atakupokea uwanja wa ndege?"

"Alifariki 2019."

Chai ikanyweka kimya kimya. Nikamtaja Eddy Merckx, mshindi wa Tour de France mara tano, aliyewahi kushinda hapo Gent akiwa pamoja na huyo marehemu.

"Huyu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anakujua?"

Nikahamia kwa Bradley Wiggins. Huyu alizaliwa palepale Gent mwaka 1980, kwa kuwa baba yake, Mwaustralia, alikuwa akizunguka Ulaya kushindana kwenye mbio hizi. Akakulia London, akashinda Tour de France 2012, na 2016 akarudi kwenye ukumbi wa Kuipke kufunga kazi yake ya baiskeli, akashinda Siku Sita pamoja na Mark Cavendish.

"Kwa hiyo naye alihama," shangazi akasema kutoka Tanga.

Nikaona nimalize na mwenyeji kamili, Iljo Keisse, mtoto wa Gent, mshindi mara saba, ambaye baba yake alikuwa na baa mjini.

"Baa?" akauliza mama watoto, ambaye tangu kikao kianze alikuwa hajatia neno.

Mjomba akaokoa jahazi kwa kuuliza kwa nini ziwe siku sita, zisiwe tano au kumi. Hapo nikapata nguvu. Nikamweleza kwamba mchezo huu ulianzia London mwaka 1878, na siku zilikuwa sita kwa sababu ya saba ilikuwa Jumapili, na Jumapili watu hawakuruhusiwa kushindana. Enzi hizo mtu alizunguka peke yake, usiku na mchana, akilala vijisaa, na baadaye huko Marekani wengine walifika mahali wakaanza kuona vitu visivyokuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 New York ikapitisha sheria: mtu mmoja asiendeshe zaidi ya saa 12 kwa siku. Wenye biashara wakapiga hesabu haraka. Saa 12 mara watu wawili ni saa 24. Wakaweka waendeshaji wawili wawili, na kwa kuwa ukumbi uliovuma kwa mbio hizo ulikuwa Madison Square Garden, mbio za wawili wawili zikaitwa Madison mpaka leo. Mmoja anakimbiza, mwenzake anazunguka juu kwenye ukuta akivuta pumzi. Zamu ikifika wanashikana mikono wakiwa kwenye mwendo, na aliyechoka anamrusha mwenzake mbele kwa nguvu zake zote zilizobaki. Fikirini jozi kumi na kitu zinafanya hivyo kwa pamoja, ndani ya mita 166, bila breki.

Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimeshika mkono wa shemeji na kumrusha kidogo. Andazi lilikuwa limeanguka.

Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa ameshika jambo moja tu. "Angalau Jumapili walipumzika."

"Zamani, mjomba. Siku hizi Gent wanamaliza Jumapili."

"Ndiyo maana Ulaya imeharibika," akasema, akachukua andazi jingine.

Azimio la kikao lilikuwa kwamba niende, kama ni lazima, lakini nisiseme ukweli. Mjomba alishauri niseme nakwenda semina ya usafiri. Shemeji alishauri niseme biashara ya vipuri. Shangazi, kutoka Tanga, alisema niseme nimealikwa harusi, kwa sababu harusi haipingwi na mtu yeyote. Nimekaa na jambo hili nikalitafakari mpaka likanikera: watu watatu wenye heshima zao, mmoja wao mzee wa kanisa, wanakubaliana kwamba uongo wowote unaaminika kuliko mimi.

Na kabla hamjawalaumu, subirini mwone upande wa pili. Maana wenye nchi zao nao hawaamini.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hazirudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, yasichelewe kuliko siku 15. Unapeleka alama za vidole. Unapeleka taarifa za benki za miezi kadhaa, na hapo ndipo mgeni wa Ubelgiji anapojua ni siku gani ulinunua vocha ya mia tano. Wanataka kuona tiketi ya kwenda na kurudi kabla hujajua kama utakwenda, na hoteli ya kulala kabla hujajua kama utafika. Wanataka bima isiyopungua euro 30,000, ambayo lazima igharamie matibabu ya dharura, na ukifa, kukurudisha. Kwa hiyo maiti yangu wana uhakika itarudi. Wasiwasi wao ni mimi nikiwa mzima.

Na wasiwasi huo wameuchapa kabisa. Fomu ya kunyimwa viza ina sababu zilizoandikwa tayari, afisa anatia alama tu, na mojawapo inasema kuna shaka ya msingi kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza yake haijaisha. Dawa ya shaka hiyo ni kuonyesha mizizi. Nikakusanya mizizi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwajiri, barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri uliogongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukuwa na wino. Mti haukuwahi kuchimbwa hivi.

Sasa geuzeni kidogo. Serengeti kuna nyumbu zaidi ya milioni moja. Kazi yao ni kuzunguka. Wanazaa kusini, maeneo ya Ndutu, kwenye mvua za mwanzo wa mwaka, wanapanda magharibi na kaskazini, wanavuka Mto Mara, wanaingia Kenya, wanakula majani ya Maasai Mara, kisha wanateremka wanarudi Ndutu walipoanzia, na mwaka unaofuata wanarudia. Hawapokezani. Hawashikani mikono. Hakuna ubao wa pointi. Na Mbelgiji anatoka Gent, pengine nyumba yake inatazamana na Citadelpark, anakuja kuwatazama! Analipa dola 50 za viza, anaweza kuiomba kwa mtandao au kuilipia akishafika uwanjani, hakuna anayempekua vocha zake wala kumwuliza ana watoto wangapi, na hakuna dereva hata mmoja wa Arusha aliyewahi kumuuliza, "Bwana mkubwa, hao wanyama wanakwenda wapi?" Yeye anaitwa mtalii. Kutazama kwake tumekutengea wizara. Mimi nikitaka kumlipa fadhila, nikatazame wa kwake wakizunguka, naitiwa kikao.

Mama watoto hoja ya nyumbu aliikubali, tena alicheka, lakini akasema nyumbu hawatozi kwa usiku. Akachukua kalamu. Kwa nini usiku sita? Nikishaona Jumanne kwamba wanazunguka, Jumatano natarajia kuona nini? Nikamweleza kwamba hesabu za siku zote zinajumlishwa, kwamba jozi ikifikisha pointi 100 inazawadiwa mzunguko mzima, kwamba anayeongoza Jumanne anaweza kulia Jumapili. Akasema basi niende Jumapili, nikute wanalia. Tukakubaliana siku tatu, kisha akaongeza mstari mmoja chini ya hesabu, akaupigia mstari mwekundu: mchango wa harusi ya mtoto wa shemeji, Desemba. Ahadi nilishaitoa, mbele ya watu, siku ya kikao cha kwanza cha kamati, baada ya kula wali wao.

Imebaki baridi. Novemba kule joto mara nyingi halifiki nyuzi 10, na mvua juu yake. Nikaenda soko la mitumba la Karume kutafuta koti. Muuzaji akanitolea moja zito la sufu, rangi ya majivu, ndani ya kola lina kitambaa chenye jina la duka la Antwerpen, na mfukoni nikakuta risiti iliyofifia ya maegesho. Nililivaa palepale, saa saba mchana, Dar es Salaam, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, huku muuzaji akiapa kwamba ni saizi yangu. Nililinunua. Koti hili lilikuja huku bila kuulizwa sababu ya safari, na likirudi kwao mimi nikiwa ndani, atakayeulizwa ni mimi.

Siku ya miadi nilifika kituo cha kupokelea maombi saa moja asubuhi, faili kwapani. Kaunta alikaa dada mmoja mdogo, mstaarabu, kucha ndefu, anagonga muhuri bila kuharibu hata ukucha mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Akaanza kupitia fomu. Kwenye dhumuni la safari wameweka visanduku: utalii, biashara, kutembelea ndugu au marafiki, utamaduni, michezo, matibabu, masomo na vinginevyo. Mimi nilitia alama kwenye michezo. Akainua macho, akasogea mbele kidogo juu ya kaunta ili anione vizuri kuanzia kifuani kushuka chini.

"Mzee ni mchezaji?"

"Mtazamaji."

"Basi tia utalii."

"Sitalii mwanangu. Sitoki nje ya ukumbi."

"Tia utalii mzee wangu, foleni ni ndefu."

Nikatia utalii. Akafika kwenye barua ya maelezo. Semina ya mjomba na vipuri vya shemeji nilikuwa nimeviweka kando. Niliandika sentensi mbili tu: Nakwenda Gent kutazama mbio za baiskeli. Zikiisha nitarudi. Akaisoma, akageuza karatasi kuona kama upande wa pili kuna maelezo mengine, akakuta peupe.

"Kutazama tu?"

"Kutazama tu."

"Na uthibitisho kwamba utarudi?"

Nikamtolea mizizi yangu yote, cheti kwa cheti. Alivipanga bila kuvutiwa. Cheti cha ndoa, nadhani, ameshaona wengi waliokiwasilisha na wasirudi. Mwisho kabisa, kwa kuwa ilikuwa imebaki yenyewe ndani ya faili, nikamsogezea kadi ya mchango wa harusi: jina langu, kiasi cha ahadi, tarehe ya mwisho ya kulipa, na chini kabisa namba za simu za mwenyekiti wa kamati, katibu na mweka hazina.

Dada akaishika kadi kwa mikono miwili. Akasoma kiasi. Akaangalia tarehe ya mwisho, ambayo ni wiki mbili baada ya tiketi yangu ya kurudi. Kisha akaitoa chini ya rundo, akaiweka juu ya cheti cha ndoa, juu ya barua ya mwajiri, juu ya kila kitu.

"Hii ikae juu," akasema. Akagonga muhuri, halafu akashusha sauti. "Umeshapunguza kiasi gani, mzee?"